Hesabu ya Wageni Isiyo ya Kweli Katika Duka la Mtandaoni



Chama kinachouza kahawa yake kwa njia ya intaneti hakina budi kujua ni watu wangapi huingia dukani. Aghalabu kazi hiyo hufanywa na programu ya takwimu, kama vile Google Analytics. Lakini si kila anayehesabiwa ni mtu. Wengine ni roboti, yaani programu zinazopita katika kurasa za duka bila mtu kubonyeza kitu. Ziko zinazoorodhesha kurasa, ziko zinazonakili bei, na ziko zinazotafuta upenyo wa kuingilia kwa hila.

Chukueni mfano. Takwimu za mwezi zaonyesha wageni 1,000, na maagizo yaliyolipiwa ni 20. Kwa hesabu hiyo, katika kila wageni 100 wamenunua 2 tu. Halmashauri yaweza kudhani kwamba bei ni ghali, ikaipunguza. Kumbe wageni 600 walikuwa roboti! Watu walikuwa 400, na katika kila 100 walinunua 5. Bei imepunguzwa kwa ajili ya wageni wasiokunywa kahawa, na hasara imemwangukia mkulima.

Ili kuepuka hasara ya namna hiyo, yafaa katibu azingatie mambo manne.

Kwanza, alinganishe takwimu za wageni na maagizo pamoja na fedha zilizopokelewa benki. Wageni wakiongezeka ghafla na mauzo yasibadilike, pana sababu ya kushuku.

Pili, atazame dalili. Ziara nyingi katika dakika moja, zisizodumu hata sekunde chache, si mwendo wa wanunuzi. Kadhalika ziara nyingi kutoka Ashburn, Virginia, nchini Marekani, mahali penye vituo vingi vya kompyuta, zichunguzwe ikiwa chama hakina wateja huko.

Tatu, asitegemee programu peke yake. Google Analytics 4 huziondoa yenyewe roboti zinazojulikana, lakini haionyeshi imeondoa ngapi, na zisizojulikana hupita. Katibu anapozitenga katika taarifa yake, aandike tarehe, idadi na sababu, ili mkaguzi aweze kufuata.

Nne, asifunge mlango kwa wote. Googlebot ni roboti inayoliwezesha duka kuonekana wateja wanapotafuta bidhaa. Ikizuiwa, chama hujificha chenyewe. Faili ya robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kutolewa rasmi kama RFC 9309 mwaka 2022, huzieleza roboti mahali pa kupita. Hata hivyo faili hiyo ni ombi, si kufuli. Roboti yenye hila hulipuuza, na yaweza hata kujiita Googlebot. Kwa hiyo fundi athibitishe anwani ya IP ya kila inayojitambulisha hivyo, kisha azizuie za uongo kwenye seva.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la duka la mtandaoni hujiandika lenyewe, lakini halijikagui. Kabla halmashauri haijapiga kura juu ya bei au fedha za matangazo, katibu na aweke mezani hesabu mbili: ya wageni wote, na ya wale wanaoaminika kuwa watu.