Kiongozi wa Watu Kumi: Mafunzo kwa Makamanda wa Seksheni na Viongozi wa Mayumba Kumi



Sisi wa ofisi ya uhusiano tumepewa saa hii tuzungumze juu ya uongozi. Hatukuja kuzungumzia uongozi wa majemadari wala wa mawaziri. Tumekuja kuzungumzia uongozi wa mtu mwenye watu sita, wanane au kumi mbele yake: kopro anayeongoza doria, sajini aliyekabidhiwa zamu ya usiku, mwenyekiti wa kijiji anayeamshwa saa nane kwa sababu kuna kelele kwa jirani. Raia wa kawaida humjua Inspekta Jenerali kwa picha tu. Anayemfahamu kwa sura ni askari aliyemkuta kaunta siku aliyoibiwa. Kwa huyo ndiko sifa ya kikosi kizima inakopatikana, na kwa huyo huyo ndiko inakopotea.

Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 212, inalitaja jukumu la polisi kwa mambo manne: kulinda uhai na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka ya kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutendwa na mtu mmoja peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vitano visivyoelewana navyo havivunji kitu. Kazi ya kiongozi ni kuvifanya vielewane.

Funzo la kwanza: agizo liwe na mwenyewe.

Kiongozi akisema mbele ya paredi, "Mtu mmoja aende akaangalie soko," kila askari humtazama mwenzake, na soko halina aangaliaye. Agizo kamili lina mambo manne: jina la mtendaji, mahali, saa, na taarifa itarudi kwa nani. Kisha aliyeagizwa alirudie kwa kinywa chake mwenyewe. Kiswahili ndiyo lugha ya amri ya kikosi chetu tangu zamani, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya nchi. Hata hivyo, katika seksheni moja mtamkuta aliyelelewa kwa Kiacholi, mwingine kwa Kiganda, mwingine kwa Kilugbara, na si wote wanaokielewa Kiswahili kwa kina kimoja. "Ndiyo, afande" si ushahidi kwamba ameelewa. Ushahidi ni kulirudia agizo bila kukosea.

Funzo la pili: gawanya kazi kabla ya siku ya hatari.

Hapa tunaomba mtuvumilie tukae kidogo, kwa maana jambo hili ni la kufa na kupona. Usiku wa tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta lilipata ajali Namungoona, kwenye barabara ya Northern Bypass hapa Kampala. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa vijana. Majirani zetu wameonja uchungu huo huo. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, mashariki mwa Kongo, waliokufa walizidi 200. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Morogoro nchini Tanzania, walizidi 100. Nchi tatu, na kisa ni kimoja: lori limeanguka, watu wamekimbilia madumu.

Tuulize basi: lori likianguka kesho katika eneo lako, wewe ukiwa na askari wanne na wananchi wachache wa mayumba kumi, utafanya nini? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata mtaro na bonde, na hauhitaji zaidi ya injini moja ya boda boda au sigiri ya muuza chapati ili uwake. Huna nafasi ya kuitisha mkutano. Kiongozi aliyejiandaa anajua tangu mapema kwamba fulani atafunga barabara upande huu, fulani upande ule. Wa tatu atapiga simu 999 au 112, ataje mahali halisi na aseme wazi kwamba ni mafuta. Wa nne, pamoja na mwenyekiti, atazima mioto ya jikoni na vibanda vilivyo upande wa chini. Naye kiongozi mwenyewe atasimama upande upepo unakotokea, mahali palipoinuka, awaone wote.

Tena angalieni neno hili: askari aliyevaa sare atapiga kelele "Rudini nyuma!" na vijana watadhani anataka mafuta yawe yake. Akisema mwenyekiti wao, au mama anayewauzia chai kila asubuhi, watasikia. Ndiyo sababu kiongozi wa polisi asiyewajua watu wa mtaa wake amekwisha kushindwa kabla lori halijaanguka. Ushirikiano unaotajwa na Katiba haujengwi siku ya msiba. Hujengwa siku za utulivu, kwa kusalimiana, kwa kuhudhuria baraza na kwa kutimiza ahadi ndogo ndogo.

Funzo la tatu: kabidhi zamu kama mtu anayekabidhi mali ya yatima.

Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka mshukiwa aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita tangu alipokamatwa, ikiwa hajaachiliwa. Saa hizo hazisimami zamu inapobadilika. Tuchukue mfano. Kijana anakamatwa Ijumaa jioni. Zamu ya kwanza inaandika jina lake lakini haiandiki saa. Ya pili inadhani mpelelezi ameshaarifiwa. Ya tatu inasema, "Tulimkuta." Jumatatu mama yake yuko langoni analia, na kila askari anaapa kwamba hakukosea. Yawezekana kila mmoja anasema kweli kwa sehemu yake, lakini haki ya mtu imevunjwa, na aliyekosekana pale ni kiongozi.

Kwa hiyo, wakati wa kubadilisha zamu, viongozi wawili wasimame pamoja mbele ya kitabu cha matukio. Wahesabu mahabusu kwa majina na kwa macho, si kwa idadi tu. Wasome saa ya kila aliyekamatwa. Waulizane: nani mgonjwa, nani mtoto, nani bado ndugu zake hawajajua alipo? Kisha wote wawili watie sahihi. Wala wasisahau kumwambia kila jamaa anayefika kaunta kwamba dhamana ya polisi ni bure. Kiongozi akiona aibu kulitamka hilo mbele ya askari wake, askari wake watalielewa kwa namna nyingine.

Funzo la nne: habari mbaya zikufikie mapema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tunaipenda sana sisi wenye vyeo. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo, guu linalovunjika ni la kikosi chote. Askari akileta taarifa kwamba redio ya mawasiliano haifanyi kazi, au kwamba jalada halionekani, naye akapokewa kwa matusi, kesho hataleta taarifa. Jalada litaendelea kupotea kimya kimya mpaka siku hakimu atakapoliulizia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye kuleta habari mbaya apewe kwanza shukrani, kisha kazi ya kurekebisha ianze, na uchunguzi wa nani alikosea ufuate kwa utaratibu wake. Hatusemi kosa lisiadhibiwe. Tunasema ukweli usiadhibiwe.

Funzo la tano: onya faraghani, sifu hadharani, na sheria iwe moja.

Konstebo anayekemewa mbele ya wananchi hupoteza heshima ambayo wewe mwenyewe utaihitaji jioni utakapomtuma kutuliza ugomvi baani. Mwite kando, mtajie kosa lenyewe, usiutaje ukoo wake wala kabila lake. Akifanya vyema, mtaje kwenye paredi kwa jina na kwa kitendo: "Jana alimrudisha mtoto aliyepotea kwa wazazi wake." Hata hivyo, liko kosa lisilostahimili upole. Askari anayedai fedha kwa raia ili aandike taarifa yake anawaibia wenzake wote heshima yao. Huyo akifunikwa kwa sababu ni hodari wa doria, au kwa sababu ni mtu wa kwetu, kesho seksheni nzima itajua bei ya kimya chako.

Funzo la sita: watazame watu wako.

Ratiba ya malindo ndiyo kioo cha haki ya kiongozi. Ikiwa jina moja huonekana kila usiku wa mvua na jingine kila mchana wa kivuli, hakuna hotuba itakayoponya moyo ule. Bandika ratiba mahali pa wazi, na wewe mwenyewe uingie ndani yake. Mjue ambaye mwanawe yuko hospitalini. Mtazame pia aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mcheshi akawa mkimya, aliyeanza kunywa kabla ya zamu. Mtu huyo amekabidhiwa bunduki. Kumwita kwa upole, kumpangia kazi isiyo ya silaha na kumfikisha kwa mshauri au daktari ni tendo la ulinzi sawa na doria, maana humlinda yeye, jamaa yake na raia.

Ndugu zetu, hatukuwaletea jambo linalohitaji bajeti mpya. Kulirudia agizo hakuhitaji fedha. Kutia sahihi kitabu kwa pamoja hakuhitaji gari. Tunawaomba wiki hii kila kiongozi afanye mambo matatu. Kwanza, akutane na mwenyekiti wa kijiji wapange nani atasimama wapi lori likianguka au moto ukitokea. Pili, aianze zamu yake kwa kuwahesabu mahabusu kwa majina na saa. Tatu, amuulize mdogo kuliko wote katika seksheni yake, "Ni jambo gani linaharibika hapa nami sijaambiwa?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Nanyi wenyeviti, mkiona zamu ya kituo chenu haiyafanyi hayo, njooni mtuambie. Mlango wa ofisi ya uhusiano haufungwi kwa mwananchi, na malalamiko yenu tutayapokea kama msaada.

 Kwa Mungu na nchi yangu.