Mukombero: Tusing'oe Mizizi Yote



Leo tumekuja na mzizi mfukoni. Hata kabla hatujautoa, wengine mmeshaujua kwa harufu. Ni mukombero. Ndugu zetu Waganda wanauita mulondo.

Hapa Kakamega mukombero huota msituni. Hupanda juu ya miti mingine kama kamba. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo. Ukikata shina, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake yana rangi ya damu ya mzee. Mbegu zina manyoya laini kama pamba, na upepo huzichukua.

Faida zake mnazijua. Mzizi unatafunwa. Kwanza ni mchungu kidogo, kisha utamu unakuja. Watu hutafuna ili wapate hamu ya kula, au kutuliza tumbo. Wengine huutia katika chai. Majani hupikwa kama mboga. Na wazee husema unarudisha nguvu za kiume. Msicheke! Wataalamu wa Cameroon wamejaribu dawa ya mzizi huu kwa panya madume. Lakini panya si mtu. Mgonjwa apelekwe zahanati, asiachiwe mukombero peke yake.

Sasa tuje kwenye shida. Mzee mmoja wa kisomo chetu alituambia hivi: "Nilipokuwa kijana, tulichimba nyuma ya nyumba. Leo natembea tangu asubuhi, narudi na vipande viwili." Kwa nini? Kwa sababu tunachouza ni mzizi, na mmea unaishi kwa mzizi. Tunang'oa shina zima, tunafunga vifungu, tunapeleka sokoni na kwenye stendi ya mabasi. Basi, umekwisha.

Tufanye hesabu ubaoni. Tuseme shina moja lina mizizi 10. Mtu wa kwanza anang'oa yote 10. Shina linakufa. Mwaka ujao atavuna nini? Sufuri. Mtu wa pili anachimba upande mmoja tu. Anachukua 3, anaacha 7, anafukia udongo vizuri. Mwaka ujao shina lake bado li hai. Nani ana akili?

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Afrika Kusini mmea huu unaitwa umondi. Watu waliuchimba sana kwa ajili ya dawa, mpaka ukawa adimu porini. Tusingoje yatufike na sisi.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne:

1. Chimba upande mmoja, acha mizizi mingine, kisha fukia.

2. Usichimbe shina changa.

3. Okota mbegu maganda yakipasuka. Zioteshe kwenye kitalu chenye kivuli.

4. Miche ikipata nguvu, ihamishie shambani karibu na mti au ua, ipate pa kupanda.

Anayepanda kwake hana haja ya kuingia msituni kwa kujificha, akiogopa askari wa msitu. Na watoto wake watajua mukombero ni nini.

Wazee walisema, akiba haiozi. Akiba ya mukombero iko chini ya udongo. Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja aandike katika daftari lake: nyumbani kwangu nitaupanda wapi? Tutasomeana majibu.