Ua Zuri, Kiazi cha Sumu

(Muziki unashuka)

Leo tunazungumzia ua moja. Petali zake ni nyekundu na njano, zimesimama kama ndimi za moto, na ncha za majani yake hujiviringa na kushika mimea ya jirani. Wataalamu huliita Gloriosa superba. Hupandwa bustanini kwa uzuri wake, na porini humea lenyewe.

Hatari iko chini ya udongo. Ukichimba kiazi chake, unaweza kudhani ni kiazi kikuu. Kina sumu iitwayo kolchisini, na kukichemsha hakuiondoi. Hospitalini kolchisini ni dawa ya jongo, lakini kidonge chake mara nyingi huwa na karibu nusu miligramu tu. Waganga wa Afrika na India wametumia kiazi hiki tangu zamani, kwa maumivu ya viungo na hata kuleta uchungu wa kuzaa. Hatuwadharau. Ila kiazi hakina kipimo. Mama mjamzito, ukipewa, kataa.

Aliyekila hutapika na kuharisha baada ya saa kadhaa, si papo hapo. Kesho yake anaweza kupata nafuu, nyumbani wakashukuru Mungu, kumbe sumu inaendelea kuharibu figo, moyo na damu. Basi usingoje atapike. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anacheka, na ubebe kipande cha kiazi hicho, mganga wa zamu akione.

(Muziki)