Udongo wa Machakos na Mimea Iufaayo



Mkulima anaponunua ng'ombe humtazama meno, kwato na kiwele kabla ya kutoa fedha yake. Lakini wako wengi waliorithi shamba, wakalilima miaka ishirini, wala hawajachimba hata shimo moja kutazama udongo wake ulivyo chini. Mazungumzo haya ni juu ya udongo wa Kaunti ya Machakos, na jambo lake kuu ni moja: kila udongo una tabia yake, na mavuno hufuata tabia hiyo, si matakwa ya mwenye shamba.

Machakos ina nchi ya namna tatu. Ya kwanza ni ile ya vilima, kama Kangundo, Matungulu, Iveti na Mua. Mvua huko hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka, hata kuzidi mahali pengine, na sehemu nyingi zina udongo mwekundu wenye kina na wenye kushika maji. Udongo huo wafaa kahawa, maharagwe, mboga na miti ya matunda. Adui yake ni mteremko. Ukilimwa kuelekea bondeni, tabaka la juu lenye rutuba huchukuliwa na maji, na mwenye shamba hubaki na mawe.

Ya pili ni nchi ya chini, upande wa Mwala, Yatta na Masinga. Mvua huko ni chache, na hunyesha kwa misimu miwili. Ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Udongo una mchanga mwingi, na umepungukiwa na naitrojeni na fosforasi. Tena una tabia moja iliyowadanganya wengi. Matone ya mvua yakiupiga ukiwa wazi, hujifunga juu kama sakafu iliyosiribwa, na maji hutiririka badala ya kuzama. Kwa sababu hiyo mimea yaweza kunyauka siku chache tu baada ya mvua kubwa. Mkulima hulaumu mbingu, kumbe maji yake yamekwisha kwenda mtoni.

Nchi hiyo yafaa mtama, kunde, ndengu, mbaazi na maembe. Mbaazi ina mizizi mirefu ifikayo unyevu wa chini, na majani yake yakianguka huurudishia udongo nguvu. Mwenye kutaka mahindi na apande aina ya Katumani, iliyopatikana katika miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos. Mahindi hayo hukomaa mapema, kabla mvua haijakatika.

Ya tatu ni nyanda za upande wa Athi, zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa mvua hunata miguuni na kwenye jembe. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Udongo huo wafaa zaidi majani ya malisho. Atakaye kulima humo hana budi kuchimba mifereji ya kutoa maji, la sivyo mimea itaoza mizizi.

Habari za zamani za Machakos zina fundisho. Katika miaka ya 1930 vilima vingi vilikuwa vimechimbika makorongo. Serikali ya kikoloni ilidhani dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 watu wengi, wake kwa waume, walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, wakakaa huko hata uuzaji wa lazima ukakomeshwa. Udongo haukuponywa na amri. Uliponywa baadaye na wakulima wenyewe, walipoona kwa macho yao kwamba shamba lenye matuta huzaa kuliko lisilo nayo. Kati ya 1932 na 1989 watu wa wilaya hiyo, pamoja na Makueni ya leo, waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mashamba mengi yalikuwa na hali njema kuliko zamani.

Kazi yenyewe huitwa fanya juu. Mkulima hupima usawa, huchimba mfereji kukingama mteremko, na udongo autoao huutupa upande wa juu. Juu ya tuta hupanda majani ya tembo, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Baada ya miaka kadhaa shamba huwa kama ngazi, na maji ya mvua hukaa mahali yalipoanguka.

Basi, kabla ya msimu ujao, yafaa mkulima achimbe shimo la kina cha mkono mmoja, atazame rangi, mchanga na unyevu. Achukue udongo mahali mbalimbali shambani, auchanganye, aupeleke kupimwa, ili asinunue mbolea kwa kubahatisha. Samadi aifunike isichomwe na jua. Na akiona kijifereji kidogo kimeanza shambani, asikidharau. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na udongo uliokwisha kufika mtoni hakuna awezaye kuurudisha.