NYAMA NA MCHICHA: KIPI KIJENGACHO MWILI ZAIDI?
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Babati



Jambo tulilolichagua si la mishahara wala la vyeo, ingawa twajua kwamba hayo ndiyo yapendwayo kusikilizwa katika mikutano yetu. Ni jambo la sahani. Walakini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshahara wa karani huishia jikoni, huenda mtaona kwamba hatukutoka mbali na shughuli za chama.

Katika maofisi yetu kuna mabishano ya siku nyingi. Wako wasemao kwamba mtu asiyekula nyama hajala, na kwamba mchicha ni chakula cha mwisho wa mwezi. Wako na wengine, waliosoma hapa na pale, wasemao kwamba mchicha una protini sawasawa na nyama, hivyo nyama ni anasa tupu. Pande zote mbili husema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Sisi twaomba ruhusa kuyaweka maneno yao katika mizani.

Tuanze na wa pili, maana hesabu yao haikosi ukweli. Ukipima kwa kalori, yaani kwa nguvu iliyomo katika chakula, kalori 100 za mchicha zina protini kama gramu 10, na kalori 100 za nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi zina kama gramu 10 vilevile. Kwa mizani hiyo ni sare. Lakini yatupasa kuuliza: kalori 100 ni chakula kiasi gani? Kwa nyama ni gramu 40, vipande viwili vidogo. Kwa mchicha uliopikwa ni karibu nusu kilo. Mtu mzima ataumaliza kwa shida. Mtoto wa miaka miwili, ambaye tumbo lake ni dogo, hawezi kabisa. Ukipima kwa uzito, kama tupimiwavyo sokoni, gramu 100 za nyama iliyopikwa zina protini kama gramu 26, na za mchicha gramu 2 tu. Basi anayelinganisha vitu viwili na aseme kwanza ametumia mizani gani, maana karani mwema hajumlishi shilingi na senti katika safu moja.

Sasa tuwageukie wale wa nyama. Protini si chakula chote. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kalsiamu, madini yajengayo mifupa, kama miligramu 200. Nyama haifikishi 20. Ni kweli kwamba mchicha una tindikali iizuiayo sehemu ya kalsiamu hiyo isipokelewe na mwili, lakini hata hivyo nyama haiwezi kushindana. Tena mchicha una vitamini A ya kulinda macho, na vitamini C, na foleti ambayo mama mjamzito huihitaji sana. Nyama ya kawaida, tukiacha maini, haina vitamini A wala C ya kutajwa.

Kwa upande mwingine, nyama ina vitamini B12, ambayo haimo katika mchicha wala katika mbaazi zetu, hata ukila gunia zima. Nayo ina zinki mara tano au sita kuliko mchicha. Madini ya chuma, ambayo hutengeneza damu, karibu yalingana kwa uzito: miligramu 2 na kitu kwa kila gramu 100. Ila mwili hauyapokei sawasawa. Chuma kilicho katika wekundu wa nyama hupokelewa kama robo yake. Cha majani mara nyingi hakifiki sehemu moja katika 10. Lakini kipande kidogo cha nyama kikiliwa pamoja na majani, huusaidia mwili kukipokea chuma cha yale majani. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga nayo husaidia. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia. Nasi makarani, twajuana kwa chai.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Mnamo mwaka 1931 ilichapwa London taarifa ya John Boyd Orr na J. L. Gilks, waliokuwa wamewachunguza Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wamasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula nafaka, viazi, kunde na majani. Wanaume wa Kimasai walionekana warefu kuliko wa Kikuyu kwa inchi 5, na wazito zaidi kwa ratili 23. Wengi walioisikia habari hiyo walisema: basi, nyama imeshinda. Lakini taarifa haikuwa nyepesi hivyo. Wamasai walikunywa maziwa mengi, wala hawakuishi kwa nyama peke yake; nao walikuwa na maradhi yao, kama vile kufunga choo na ugonjwa wa viungo. Tena wanawake wa Kikuyu walikula majani ya kijani ambayo waume zao hawakuyala, nao wakapata kalsiamu humo. Zaidi ya hayo, mataifa mawili hutofautiana kwa mengi, kwa nasaba na kwa kazi na kwa maradhi, wala si kwa sufuria pekee. Orr mwenyewe baadaye, mwaka 1945, alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Ushahidi ulio bora zaidi ulipatikana Embu, Kenya, tangu mwaka 1998, katika shule 12 za msingi. Watoto wa shule nyingine walipewa githeri, ambayo ni makande yetu haya, ya mahindi, maharage na majani. Wengine walipewa makande hayo pamoja na nyama ya kusaga. Wengine pamoja na maziwa. Na wengine hawakupewa kitu shuleni. Mafungu yale matatu yalisawazishwa kwa kalori, ili asiwepo wa kusema kwamba mmoja alishiba kuliko mwenzake. Baada ya miaka miwili, watoto wa nyama walikuwa wameongezeka misuli zaidi, walicheza kwa bidii zaidi, waliongoza wenzao, na waliwashinda wengine katika mtihani wa kutambua na kufikiri. Na nyama yenyewe ilikuwa kiasi gani? Kadiri ya gramu 60 mwanzoni, kisha 85, kwa siku ya shule. Tafadhalini liangalieni neno hili: nyama haikuliwa badala ya majani na maharage. Iliongezwa ndani yake.

Na lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hilo. Mtu akiuliza, "Leo mboga ni nini?" twaweza kumjibu, "Nyama," wala hashangai. Katika Kiswahili cha nyumbani nyama ni mboga, mchicha ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Sisi ndio tuliovigombanisha vitu ambavyo neno moja limevikalisha pamoja.

Wanachama wenzetu, sasa tuje Babati. Mji wetu haukunyimwa kitu. Mnadani kuna ng'ombe na mbuzi. Ziwani kuna kambare na perege. Sokoni kuna mchicha, mnafu, majani ya kunde na ya maboga. Mbaazi zimepandwa katikati ya mahindi kila upande uendako, na gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa zina protini kama gramu 7, za namna ile ile iliyopungua katika ugali. Lakini mbaazi tumezoea kuzihesabu kuwa mali ya kuuzwa. Mwezi Agosti 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi ziingiazo nchini mwake, bei ilianguka mashambani mwetu, na wakulima wakabaki na magunia. Chakula kile kile kilichokosa mnunuzi kilikuwa kinatakiwa na watoto wetu.

Maana hali ya watoto si ya kufanyiwa mzaha. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016, watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, watoto 58 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100 hali kadhalika. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliodumaa wamepungua hadi 30. Ni maendeleo, lakini ni watoto watatu katika kila kumi. Mtoto akidumaa katika miaka yake miwili ya kwanza, ni vigumu kuirudisha akili na kimo kilichopotea, hata baba akipandishwa cheo mara tatu.

Na nyama huenda wapi? Tuseme kweli. Nyingi huliwa na baba, mbali na nyumbani, siku ya mshahara. Nayo huko nyumbani, ikipikwa, vipande humwendea mkubwa na mchuzi humwendea mdogo. Chuma na protini vimo katika kipande. Mchuzi una harufu zaidi kuliko chakula. Wataalamu wa maradhi ya saratani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma. Anayemaliza kilo ya nyama choma kwa mkao mmoja amekwisha kukikaribia kipimo cha juma zima, au kukipita. Kilo ile ile isiyo na mifupa ingewatosha watu 6 kwa siku mbili, kila mmoja gramu 83 kwa siku, nacho ni kipimo kinachokaribiana na kile cha Embu.

Basi twaleta mapendekezo manne. Kwanza, majani ya kijani yaliwe kila siku, yapikwe kwa muda mfupi na mafuta kidogo, wala maji yake yasimwagwe. Pili, mbaazi au maharage yasikose nyumbani juma zima. Tatu, nyama, samaki au dagaa, hata kidogo, viliwe mara kwa mara pamoja na majani hayo, na mtoto mdogo na mama mjamzito wapakuliwe kwanza, mtoto akikatiwa vipande vidogo sana. Nne, chai ingoje saa moja baada ya chakula.

Hatukuja kumnyima mtu nyama yake. Twaomba tu kwamba fungu la kwanza la siku ya mshahara lifungwe katika karatasi na kupelekwa nyumbani, kabla mwenyewe hajaketi kula.