Uvimbe wa Pili Katika Ini

Mgonjwa alipasuliwa mwaka jana kwa saratani ya utumbo mpana. Leo picha ya ini inaonyesha uvimbe. Kabla daktari hajamaliza kueleza, habari imeshafika nyumbani: "Imeingia kwenye ini." Jamaa wanakutana, na anayezungumzwa ni mgonjwa wa kurudishwa kijijini akafie kwao.

Hofu hiyo ina msingi. Damu itokayo utumboni hupita kwanza katika ini, na chembe za saratani husafiri nayo. Lakini mara nyingi si kila mara. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Shields Warren na Olive Gates, waliweka masharti ya kumtambua mtu mwenye saratani mbili tofauti. Kubwa zaidi ni hili: ihakikishwe kwamba uvimbe mmoja haukuzaliwa na mwingine.

Sasa, katika ini huweza kutokea limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Jamii ya limfoma si ngeni Afrika Mashariki. Ni Kampala, Hospitali ya Mulago, alikofanya kazi Denis Burkitt, aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa mataya ya watoto. Limfoma inayoanzia katika ini lenyewe, hiyo ndiyo adimu sana. Baadhi ya waliopatikana nayo walikuwa pia na homa ya ini ya B au C, au virusi vya UKIMWI.

Pichani inaweza kufanana kabisa na saratani iliyosambaa kutoka utumboni. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kutoa hukumu. Hutolewa kinyama kidogo kwa sindano, kikatiwa rangi maabara na kutazamwa kwa hadubini. Wapo wanaokataa, wakidai uvimbe ukichomwa "hukasirika". Mimi nasema maneno hayo yanawaponza wagonjwa. Hatari ya kutoka damu ipo, ndiyo maana kuganda kwa damu hupimwa kwanza.

Na jibu la maabara hubadili mengi. Limfoma hutibiwa zaidi kwa dawa za mshipani, na wapo wanaopona. Dawa hizo si zile za saratani ya utumbo. Ukikosea jina la ugonjwa, umekosea na dawa.

Basi jamaa wakiitwa na daktari waulize: kinyama cha ini kimepimwa? Waende pia na majibu ya kinyama cha upasuaji wa kwanza, maana mtaalamu wa maabara atataka kulinganisha. Karatasi hiyo katika nyumba nyingi hupotelea kwenye rundo la risiti za umeme. Iwekwe pamoja na hati ya kiwanja.