Kawa si pubeli, ukingo wake si parsele ya kuuza

Maneno kwa vijana wa Bukavu, kabla ya salongo ya ukingo wa mto



Leo sitaanza na wakubwa. Nitaanza na maji yanayopita chini ya madirisha yetu. Kawa ni mto, lakini sisi tumeuzoea kama kanivo: masashe ndani, chupa ndani, viatu vya zamani ndani, kisha mvua ibebe. Mvua inabeba kweli. Inapeleka wapi? Katika Ziwa Kivu, kule tunakovua sambaza. Na munajua maji ya ziwa yanatokea kwa mlango mmoja tu, Ruzizi. Plastiki zinafika kwenye bwawa, zinaziba mashine, umeme unakatika. Ile chupa uliyotupa usiku ili jirani asikuone, inarudi kwako kama giza.

Mutaniuliza: sasa juu ya nini bustani? Si tufagie tu? Tumefagia mara ngapi! Jumamosi salongo, Jumatano uchafu umerudi. Mahali palipo wazi panaita uchafu. Kisha panaita mtu mwenye kamba ya kupima. Usiku vigingi, asubuhi parsele, na familia isiyo na uwezo ndiyo inauziwa hatari. Siku mvua kubwa inashuka, ni ile familia inayolia, si yule aliyeuza. Lakini mahali palipo na miti, ndege na watu wanaopalinda, nani atasema ni pa bure?

Tusikilizane vizuri: hatufukuzi mtu. Wanaokaa kando ya mto tayari ndio wa kwanza kualikwa.

Tunafanyaje? Tuchague kipande kidogo, hatua ishirini tu, na chef wa avenu ajue. Kabla ya kupanda chochote, tukubaliane uchafu wa zile nyumba utaenda wapi. Bila hiyo, tunapanda maua juu ya pubeli.

Karibu na maji, tupande bibingobingo na matete. Mizizi yao inashika udongo, na majani yanapunguza mbio za maji ya mvua. Pale maji yametulia, mafunjo. Ndege wanaoshona viota wanapenda sana mahali kama pale. Tukikata, tukate nusu, nusu ibaki, ili ndege asipoteze nyumba siku moja.

Nyuma yake, maua na vichaka vya urefu mbalimbali, yasichanue yote mwezi mmoja, ili nyuki na vipepeo wasikose chakula. Juu kabisa, miti ya kwetu kama musave. Mikaratusi hapana: inakunywa maji mengi, na chini yake vitu vingi havioti. Dawa ya kuua wadudu pia hapana. Ukiua wadudu, ndege atakula nini? Majani makavu na kipande cha gogo lililooza tuviache kwenye kona moja. Kwa macho yetu ni uchafu, kwa mjusi na kwa wadudu ni nyumba.

Na tuache njia ya watu. Mama aliyezoea kushuka mtoni, ukimfungia atavunja uzio, na atakuwa na haki.

Nasikia wengine: "Mutatuletea mbu na nyoka!" Ni swali la haki. Mbu anazaa katika maji yaliyosimama: mikebe, pneu za zamani, kanivo iliyozibwa na masashe. Hivyo ndivyo tunatoa. Vyura na watoto wa kereng'ende wanakula watoto wa mbu, lakini hawawezi kuishi ndani ya mafuta na sabuni. Ndiyo maana tunaanza na usafi. Juu ya nyoka, kando ya njia na karibu na nyumba majani yakatwe mafupi.

Tusidanganyane pia. Bustani haitazuia mlima mzima kuporomoka. Haitachukua nafasi ya kanivo za kweli, wala ya gari la kubeba uchafu. Hiyo ni kazi ya Leta, na tutaendelea kuidai. Na lengalenga ya kuuza sokoni tusipande pale, maji bado ni machafu. Siku maji yatakuwa safi tutaongea tena.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na inasema tena kwamba ana wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu, vyote viwili katika kifungu kimoja. Hatuwezi kudai cha kwanza tukikimbia cha pili.

Kwa hiyo Jumamosi, usije na mikono mitupu. Leta jembe, ama gunia, ama mche mmoja. Na kupanda ni siku moja tu, kulinda ni mwaka mzima: kila avenu itachagua watu wake wa kumwagilia wakati wa jua kali na kuangalia kama vigingi vimeota usiku. Tukiviona, tutaita majirani, tutaandika, tutasimama pale bila fujo, bila kuondoka.

Siku moja mtoto wa Kadutu atasimama kando ya Kawa na kuuliza jina la ndege, badala ya kuziba pua. Siku ile tutajua tumefanya kitu.